Punda amekufa baada ya kudungwa sindano: sheria inasemaje?

Kijana wa Langoni
Waungwana, naomba ushauri kwa niaba ya jirani yangu hapa Lamu. Punda wake wa kubebea mchanga na saruji alikuwa na kidonda mguuni. Akaitwa bwana mmoja wa duka la dawa za mifugo, akamdunga sindano shingoni. Punda akatetemeka, akakimbia ovyo, akaanguka, akafa hapo hapo. Yule bwana anasema punda alikuwa na moyo mbovu. Mzoga bado uko uani. Je, anaweza kudai fidia, na adai wapi? Watu wanamwambia azike tu, ni mapenzi ya Mungu.

Daktari wa Mifugo
Asizike kwanza. Mpigieni afisa wa mifugo wa kaunti aje leo leo, maana kwa joto letu mzoga huharibika mapema na baada ya saa ishirini na nne viungo havisemi kitu cha maana. Uwekwe kivulini, umwagiwe maji. Lakini angalieni: ikiwa damu inatoka puani au nyuma na haigandi, msiupasue wala kuugusa. Huenda ni kimeta, na hicho huua hata binadamu. Mwacheni afisa aamue.

Afisa akiamua kupasua, achukue vipande vya ini, figo, moyo, pafu na ile nyama ya shingo yenye alama ya sindano. Kila kipande kisizidi unene wa sentimita 1, kiwekwe kwenye formalini (dawa ya kuzuia nyama isioze) ya asilimia 10, formalini iwe mara kumi ya kipande. Vipande vya kupimwa sumu visiguse formalini kabisa, viwe kwenye barafu. Hapa ndipo watu wengi hukosea: wanatia vyote chupa moja, maabara inashindwa. Maabara ya mkoa iko Mariakani, ile kuu iko Kabete. Kutoka Lamu mpaka Mariakani ni boti hadi Mokowe kisha basi, kwa hiyo pozeni vizuri na mwandike jina, tarehe na saa kwenye kila chupa.

Na je, ilikuwa dawa gani? Tafuteni chupa, msikubali achukue nyingine. Pigeni picha jina, namba ya toleo na tarehe ya mwisho.

Kijana wa Langoni
Chupa iko. Ni penisilini, ile nyeupe kama maziwa. Alichoma mara moja bila kungoja.

Daktari wa Mifugo
Hiyo ni penisilini yenye prokaini, dawa ya ganzi, nayo ni ya kudungwa msulini tu. Ikiingia mshipani, prokaini hupanda ubongoni ghafla: mnyama anashtuka, anakimbia kama kichaa, anaanguka. Ndiyo maana mdungaji hutakiwa kuvuta bomba nyuma kidogo aone kama kuna damu kabla ya kusukuma. Maelezo yako yanafanana na hilo, ingawa hata mtu mwangalifu huweza kugusa mshipa. Kwa hiyo kifo peke yake si uzembe. Uzembe ni kutovuta bomba.

Jueni pia kwamba postmotamu, yaani huko kupasua na kuchunguza mzoga, huenda isionyeshe alama yoyote ya prokaini. Umuhimu wake ni kuondoa visingizio: plastiki iliyoziba tumbo, utumbo uliojisokota, moyo mgonjwa. Punda wetu wanaokula takataka za mjini hukutwa na mifuko tumboni, na huo ndio utetezi wa kwanza utakaoletwa.

Wakili wa Pwani
Niingie hapo. Kisheria punda ni mali. Anayedai hana budi kuonyesha mambo manne: kwamba huyo bwana alikuwa na wajibu wa uangalifu, kwamba aliuvunja, kwamba kuuvunja huko ndiko kulikoua, na hasara yenyewe. La tatu ndilo gumu, na ndipo ripoti ya daktari mwingine inapohitajika. Andikeni maelezo ya walioshuhudia leo, kabla hawajasahau: alidungwa saa ngapi, akaanguka baada ya muda gani. Muda mfupi sana kati ya sindano na kuanguka ndio ushahidi wenu mkubwa. Mwenye video ya simu aihifadhi, asiisambaze.

Kuna milango miwili ya kupeleka kesi, na watu wanaichanganya sana.

Kwanza, Bodi ya Madaktari wa Mifugo ya Kenya, iliyo chini ya sheria ya mwaka 2011. Hiyo inashughulika na leseni na nidhamu. Pekueni kwanza rejesta yake. Ikiwa huyo bwana hayumo, kutibu mifugo bila usajili ni kosa la jinai, na polisi wanahusika. Ikiwa yumo, malalamiko yaandikwe, yaambatishwe ripoti na picha ya chupa.

Pili ni fidia, na hiyo hudaiwa mahakamani. Tanguliza barua ya madai yenye siku 14 za kujibu. Akinyamaza, Mahakama ya Madai Madogo husikiza hasara ya mali hadi shilingi 1,000,000, uamuzi unatakiwa utoke ndani ya siku 60, na si lazima uwe na wakili. Ulizeni masijala ya mahakama ya Lamu kesi ifunguliwe kituo kipi. Pasipo mahakama hiyo, ni kwa hakimu. Kwa Kadhi msipeleke, yeye ni wa ndoa, talaka na mirathi.

Muda wa kushtaki kwa uzembe ni miaka 3. Lakini mdungaji akiwa mtumishi wa serikali, hesabu miezi 12.

Shela Boy
Kwani wazee wasikae tu wakasuluhisha? Lamu kila mtu ni ndugu wa mtu.

Wakili wa Pwani
Hakuna ubaya, Katiba yenyewe inahimiza suluhu katika kifungu cha 159. Ila iandikwe: kiasi, tarehe ya kulipa, sahihi za mashahidi. Na isifanywe kabla ya sampuli kuchukuliwa. Mazungumzo yakivunjika na punda amekwisha kuzikwa, hamna kitu mkononi.

Bi Mkomani
Na paka wa nyumbani aliyekufa baada ya kufungwa uzazi? Nilitia sahihi fomu.

Wakili wa Pwani
Fomu inakubali hatari za kawaida za nusukaputi, haimsamehei mtu uzembe. Ila bei ya paka ni ndogo na huzuni hailipwi, utadai bei hiyo na gharama za matibabu tu. Kwako Bodi ndiyo njia yenye maana.

Kijana wa Langoni
Afisa yuko njiani. Jirani anataka kudai mapato ya mwaka mzima.

Wakili wa Pwani
Hatapewa. Anadai bei ya punda sokoni, gharama alizolipa, na mapato ya muda wa kutafuta punda mwingine tu. Tena mapato halisi: tuseme anaingiza 1,200 kwa siku, chakula na mshahara wa kijana ni 500, basi hasara ni 700. Wiki tatu za siku sita ni 12,600. Atafute meseji za M-Pesa za wateja wa mchanga, kwa sababu hakimu atauliza hesabu hiyo imetoka wapi.

Daktari wa Mifugo
Na mkimzika baada ya sampuli, shimo liwe na kina cha mita 2, mbali na visima.