Mzazi akikataa, mtoto asiulizwe? Tujadili

Wadau, kuna mtu hapa jana alisema ati kumhoji mtoto kuhusu dhuluma za nyumbani bila mzazi kutia saini ni kuvunja familia za watu, na wengi mkamuunga mkono. Mimi napinga.

Mimi ni mhoji wa utafiti, nimezunguka mitaa ya Mathare na Kayole hapa Nairobi na tableti ya maswali miezi kadhaa. Kazi ni hivi, mtoto wa chini ya miaka 18 humuulizi kitu mpaka mzazi ama mlezi akubali, halafu ndio mtoto mwenyewe anaulizwa kama anataka. Sasa kama anayemuumiza ndio huyo amefungua mlango je? Anakwambia mtoto ako shule na wewe unamwona mtoto nyuma ya pazia. Unaandika "amekataa", unaenda mlango unaofuata, na pengine hiyo ndio nyumba ilikuwa na neno.

Hata akikubali, mtaongelea wapi? Chumba ni kimoja cha mabati, jirani anasikia ukikohoa. Kuna msichana nilimhoji kando ya kamba za nguo, shangazi yake akapita na karai, jibu likabadilika hapo hapo, ati hajawahi kupigwa, na mimi nikajaza hivyo kwa sababu ndivyo alisema. Hiyo siku sikulala.

Ndio maana takwimu za taifa letu la Kenya kuhusu dhuluma kwa watoto sizishangilii haraka. Utafiti wa 2010 ulipata wasichana 32 kwa kila 100 walidhulumiwa kingono kabla ya miaka 18, ule wa 2019 ukapata karibu 16. Labda imeshuka kweli, naomba iwe hivyo. Lakini hizo namba ni za vijana wa 18 hadi 24 wakikumbuka utoto wao, na ni utafiti wa kupiga hodi nyumbani, watoto wanaolala barabarani hawamo.

Mimi nasema wa miaka 15 kwenda juu aamue mwenyewe, mzazi aambiwe tu ni utafiti wa afya na maisha ya vijana.

Mama wa Umoja: Dada, hapo kwa kumficha mzazi sikubali. Nina wasichana wawili. Unamfungua mtoto kidonda, unaondoka na tableti yako, usiku mimi nabaki na mtoto analia na sijui aliulizwa nini. Na akikwambia ni baba yake utafanya nini, na ulimwahidi siri?

Mleta mada: Mama, hapo kwa siri umenishika. Siri yetu ina mpaka, mtoto anaambiwa mwanzoni kabisa kwamba akiwa hatarini afisa wa watoto ataitwa, na anapewa 116, namba ya simu ya msaada kwa watoto, apige bure. Shida akishasikia hivyo anafunga mdomo, anajua baba akibebwa na polisi hakuna wa kulipa kodi ya nyumba. Nisipomwambia nimemdanganya. Wewe kama mzazi, ungetaka nimwambie nini kabla ya swali la kwanza?