Kola ya umeme kwa mbwa mchanga: ninunue sasa au nisubiri?

Mkazi wa Goba
Wakuu, heshima kwenu. Shemeji yangu yuko Dubai, anarudi Ijumaa, na amekubali kuniletea kola ya kufundishia mbwa, ile yenye rimoti. Kanitumia picha za aina mbili. Moja ni ya bei, ina viwango 100 vya shoti, mtetemo na mlio. Nyingine bei yake ni kama robo ya hiyo, viwango vichache tu. Halafu kuna mwalimu wa mbwa hapa mtaani anasema niachane na zote, hela nimpe yeye. Wenye uzoefu, nichukue ipi, na mbwa anaanza kuvalishwa lini? Shemeji anataka jibu kabla ya Alhamisi.

Bi Mkubwa Tanga
Kola umeieleza, mbwa hujamweleza. Ana umri gani? Aina gani? Anafanya nini mpaka utake kumpiga shoti?

fundi_redio
Na uzio upo? Kama geti halifungi, nunua komeo, utaokoa hela nyingi.

Mkazi wa Goba
Haya. Dume, German Shepherd, miezi minne na ushee. Anafukuza bodaboda, na juzi kaua kuku wa jirani, tetea anayetaga, nimelipa. Uzio upo, ila upande wa nyuma ni michongoma tu na kashapata njia yake. Ndani nikimwita anakuja. Akishatoka nje hanijui.

Askari Mstaafu
Miezi minne bado, mkuu. Watengenezaji wengi wenyewe wanaandika kwenye boksi kuanzia miezi sita, na mimi huongeza juu ya hapo. Sasa hivi hata meno hajamaliza kubadilisha. Jambo kubwa zaidi ni kwamba kola haimfundishi mbwa neno "njoo". Inamkumbusha anayelijua tayari. Ukimbonyeza asiyelijua, anachoelewa ni kuwa dunia inauma.
Wakati ukifika, mvalishe ikiwa imezimwa, siku nyingi tu, acheze nayo na ale nayo, aione kama mkanda wa kawaida. Kisha anzia kiwango cha chini kabisa, upande kimoja kimoja huku ukimtazama masikio. Sikio likicheza, au akigeuza shingo kama kaguswa na nzi, hicho ndicho kiwango chake. Akilia, umepitiliza. Ndiyo maana nakwambia chukua ile ya bei: hizi rahisi zinaruka kutoka hasikii kitu mpaka anaruka juu, katikati hakuna.
Kwa sasa nunua kamba ya mita kumi, umfunge nayo ukimfundisha kuja akiwa nje.

Mama Kibibi
Mzee nakuheshimu, lakini kwa nini afike huko kabisa? Wales walipiga marufuku kola hizi mwaka 2010. Chuo Kikuu cha Lincoln, Uingereza, walichapisha utafiti 2020 wa mbwa 63: kundi moja kola, jingine walimu walewale bila kola, la tatu zawadi tu. Waliofundishwa kwa zawadi walitii vizuri zaidi. Chemsha maini, kata vipande vidogo, weka mfukoni, mwite. Mfuko utanuka, utazoea.

Askari Mstaafu
Wales kuna bodaboda?

Mama Kibibi
Kuna kondoo. Kufukuza kondoo ndilo tatizo lilelile.

Kijana wa Mbezi
Mimi nina kisa. Kaka yangu, Kimara, alikuwa na dume la Boerboel. Alinunua kola nzuri tu, mchana akawa anamfundisha mwenyewe, mambo yakaenda. Tatizo lilikuwa mlinzi wa usiku. Rimoti ilikuwa inatundikwa kwenye msumari kibandani kwake, na yule baba hakupenda kuamshwa. Mbwa akibweka, anabonyeza. Kaka asubuhi anasifia: siku hizi katulia, kakomaa. Wiki zikapita, mbwa akawa akisikia tu geti linalia anaingia uvunguni mwa gari.
Usiku mmoja wakaja watu. Wakafungua pampu ya kisima kwa spana, bolti moja baada ya nyingine, kwa nafasi zao, wakaondoka na waya pia. Mbwa yuko macho anawaangalia. Kimya. Dada wa kazi ndiye aliyesema, maana chumba chake kilikuwa upande ule na kila usiku alikuwa anasikia mbweko mmoja, halafu "kwii", halafu basi.
Haikuishia hapo. Kola ilikuwa haivuliwi kabisa. Walipoivua, vile vyuma viwili vya kupitishia shoti vilikuwa vimezama kwenye ngozi, chini usaha mtupu. Daktari wa mifugo alimnyoa shingo nzima. Akapona kidonda, ila hadi leo ukishika rimoti ya televisheni anatoka sebuleni.

Bi Mkubwa Tanga
Maskini. Watu hudhani vidonda vile ni shoti imeunguza. Ni vyuma kukandamiza sehemu moja, na unyevu, hasa na joto letu la pwani. Haifai kukaa shingoni zaidi ya saa 8 mpaka 12 kwa siku, na isogezwe kila baada ya saa moja au mbili.
Mkazi wa Goba, hujasema kama kachanjwa kichaa cha mbwa. Anafukuza bodaboda, siku akimng'ata mtu kisigino utaulizwa kadi, hutaulizwa kola.

Askari Mstaafu
Kisa cha Kimara ni kesi ya mlinzi, siyo ya kola.

Mama Kibibi
Na kila kola ina mtu ameshika rimoti. Hiyo ndiyo hoja yangu.

fundi_redio
Huyo mlinzi alikuwa analipwa ngapi? Maana mnataka mtu akeshe kwa hela ya nauli.

Kijana wa Mbezi
Alikuwa anakula na kulala hapohapo, usianze.

fundi_redio
Kulala alikuwa analala kweli.

mfugaji_Karatu
Nyinyi mnahangaika. Mimi nina mbwa koko watatu, kuku wanapita katikati yao. Walikua na vifaranga tangu wadogo, wakadonolewa na mama kuku, shule ikaisha. Fisi akija, mtaa mzima unajua. Hizo mbegu za Ulaya zimezaliwa kufukuza vitu.

Askari Mstaafu
Koko ni mbwa mzuri, ila mfundishe kunusa bangi uone.

mfugaji_Karatu
Nani kasema ana bangi? Ana kuku wa jirani.

Mkazi wa Goba
Chanjo kapata, kadi ipo. Kamba nitanunua kesho, na michongoma nimeshamwita mtu. Ila shemeji kanipigia tena, ile ya bei imebaki moja dukani. Naweza kuinunua nikaiweka kabatini mpaka afikishe miezi minane? Au betri itakufa?

fundi_redio
Betri ichaji kila baada ya miezi michache, haitakufa. Usiiache ikae imekwisha kabisa.

Mama Kibibi
Kitu kilichopo kabatini hutumika.

fundi_redio
@mfugaji_Karatu, majike yako yanazaa lini? Nataka mtoto mmoja, dume. Nitafuata mwenyewe.

mfugaji_Karatu
Njoo mwisho wa mwezi. Bei tutaongea, mbegu za Ulaya zisitutishe.