Mjadala: Jimbo likitaka hewa safi kuliko serikali kuu inavyotaka, lizuiwe?

Wakuu, hasa mlioko Marekani, hili mnalionaje? Juni 2025 Rais Trump alisaini maazimio ya Congress, yaani bunge lao, yaliyofuta ruhusa ya jimbo la California kuweka masharti ya magari makali kuliko ya Washington, yaani serikali kuu, likiwemo la kukomesha ifikapo 2035 uuzaji wa magari mapya yanayotegemea petroli pekee. California na majimbo mengine kumi wakakimbilia mahakamani.

Wanaoshangilia wanasema nchi ni moja, kiwango kiwe kimoja. Sikubali. Los Angeles imezungukwa na milima, na hewa ya joto huikalia kwa juu ikazuia moshi kutoka. Moshi huo ukipigwa jua unageuka ukungu unaochoma macho. Mwaka 1943 ulipotanda, wapo waliodhani ni shambulio la gesi! Miaka ya 1950 mwanakemia Arie Haagen-Smit akaonyesha kuwa mchawi ni eksozi za magari na mitambo ya mafuta. California ikaanza kuzidhibiti kabla ya Washington, ndiyo maana sheria ya hewa safi ikaitengea nafasi yake, na tangu 1977 majimbo mengine yanaruhusiwa kuiga.

Kinachonishangaza, waliofuta, chama cha Trump cha Republican, ni walewale wanaohubiri haki za majimbo. Tena ofisi ya ukaguzi ya Congress yenyewe ilisema ruhusa hizi hazifutwi kwa maazimio ya namna hiyo. Seneti ikapiga kura 51 kwa 44, ikapita.

Mchangiaji wa pili: Mkuu, umemsahau dereva. Masharti ya malori nayo yalikuwemo humo. Mtu anabeba makontena bandari ya Long Beach, lori la dizeli bado analilipia mkopo, siku akitaka jipya anasukumiwa la umeme, bei mbinguni. Halafu mtu wa jimbo jingine, tuseme Ohio, hakumpigia kura gavana wa California, ila soko lile ni kubwa mno, kiwanda kikifuata California naye anauziwa hilohilo.

Mleta mada: La dereva nakubali, apewe ruzuku, tena ya maana. Lakini wanaoishi Wilmington, mtaa wa Los Angeles ulio kando ya bandari, malori yakipita dirishani mchana kutwa, nao hawakumpigia kura mtu wa Ohio. Na hapa kwetu, Zanzibar ilipiga marufuku mifuko ya plastiki 2006. Bara tukafuata 2019. Ilipaswa itusubiri?