Tupeane uzoefu: ile homa ya kwanza, kabla hujajua una virusi vya Ukimwi

Naanza mwenyewe. Mwanzoni mwa 2018 chikungunya ilikuwa imetuvamia Mombasa, kila nyumba kuna mtu kalala analilia viungo. Nami nikashikwa na homa. Nyumbani wakasema ndiyo hiyo hiyo, nikakubali, nani angewaza jengine?

Lakini nikikumbuka sasa, viungo havikuniuma kihivyo. Koo ndilo lilinitesa, kama nimekwamwa na mwiba wa tasi. Hata uji nameza nikitoa machozi. Kwapani mitoki, kifuani upele mwekundu usiowasha, usiku shuka linalowa jasho. Kama siku kumi hivi, kwisha. Nikarudi sokoni Kongowea kwenye viazi vyangu. Nilikuja kujua mke wangu alipoanza kliniki ya ujauzito, akapimwa, nami nikaitwa. Mtoto alizaliwa salama, hana.

Nyinyi wenzangu, yenu ilikuwaje?

*Tuktuk Kisauni:* Mimi sikupata hata mafua! Nilinunua kile kipimo cha mate duka la dawa kwa ubishi tu na rafiki yangu. Mistari miwili, yaani ninavyo. Nikenda kurudia kituoni kwa damu, ikawa ni yale yale. Kwa hivyo anayengojea dalili, ataambiwa na nani?

*Wa Likoni:* Yangu ni kinyume. Kondomu ilipasuka, siku ya nne koo likaanza, nikajiona tayari maiti. Kumbe mapema hivyo si kawaida, homa hiyo mara nyingi huja baada ya wiki mbili hadi nne. Wiki ya kwanza nikapima, sina, nikashangilia kwenye feri kama mwehu. Mshauri akanivunja: kipimo cha kidole kinatafuta kingamwili, yaani askari wa mwili wa kupigana na virusi, na mwili bado haujazitengeneza. Nirudi baada ya miezi mitatu. Nilirudi, salama. Linaloniuma ni kwamba ningekwenda ndani ya saa 72 ningepewa dawa za kuzuia, za siku 28. Sikujua kama ziko.

*Mdau mgeni:* Na kukonda je?

*Nesi mstaafu:* Kukonda ni kwa baadaye sana, mwanangu, hiyo ni picha ya mabango ya zamani. Homa ya mwanzo haina sura yake. Malaria, kidingapopo, mafua makali, zote zinafanana nayo. Nimeona mtu kipimo cha malaria kimesema hana na bado kafungiwa dawa za malaria, aende zake. Hakuna aliyemuuliza habari za mwezi uliopita. Na wiki hizo ndizo virusi vinajaa damuni, ndipo mtu anaambukiza kwa urahisi kabisa, naye anajiona amepona. Homa ikija baada ya jambo unalolijua wewe, mwambie daktari. Kuna kipimo cha maabara cha kutafuta virusi vyenyewe, hicho hugundua mapema zaidi.

Mwenye mada tena: mnaouliza pembeni, ndiyo, mimi na mke wangu bado tuko pamoja. Sote tunameza dawa, na vipimo vya karibuni virusi havionekani. Jana usiku nilimuuliza kama na yeye alipata ile homa. Akanyamaza kidogo. Alipata, Ramadhani ya mwaka ule ule. Alidhani ni swaumu imemzidi. Hakufunga siku nne, akaja akazilipa.