MX-5 ya 1990 imelala miaka minne, nianze na turbo au nianze wapi?

kifaru_mdogo

Wakuu habarini, miaka yote mimi msomaji tu leo nimekuja na langu. Wiki tatu zilizopita nimechukua Mazda MX-5 ya 1990, kale kagari ka viti viwili kenye paa la turubai, ile ya kwanza yenye taa za kufumbuka, injini 1.6, gia ya mkono. Aliyekuwa nayo alikuwa ameilaza bandani kama miaka minne hivi, anaiwasha mara mojamoja inguruma kidogo halafu anaifunika tena. Bodi ukiitazama kwa mbali safi, ukisogea karibu unaanza kukohoa kidogo lakini mimi nimeshaipenda basi.

Nilichokiona mpaka sasa ni kwamba asubuhi ukiiwasha juu ya injini inapiga tik tik tik kama saa ya ukutani, ikipata moto inapungua ila haiishi. Zulia nyuma ya kiti cha abiria lina unyevu na linanuka ukungu. Chini inadondosha oili kidogo pale injini inapokutana na gia boksi, fundi mmoja kaangalia dakika mbili akasema hiyo sili ya nyuma ya krenki (shafti kuu ya injini), gia boksi lazima ishuke. Halafu kwenye kona naona kama inaelea hivi, haishiki barabara.

Sasa hii ni ya wikiendi tu, kazini naenda na nyingine. Kuna jamaa anatoa turbo (kile kifaa cha kusukumia injini hewa zaidi ipate nguvu) kwenye ya kwake, anaiuza yote na manifoldi na intakula na mabomba, na farasi 115 mnajua wenyewe si nyingi. Nikiichukua ndio nimemaliza bajeti, sinunui kitu kingine muda mrefu. Au nichukue koilova (springi na shoki za kurekebishika) na rimu za inchi 17? Naombeni jibu la kueleweka, msiniambie "inategemea".

spana_kumi

Karibu kwenye ugonjwa mkuu. Sitasema inategemea, nasema turbo iache.

Kabla hujajibu kwa hasira toka nje ukaangalie tairi. Pembeni yake kuna maandishi DOT, mwisho wa ile mistari kuna tarakimu nne, mbili za mwanzo ni wiki na mbili za mwisho ni mwaka. Gari iliyolala tairi zake zinakuwa na meno mazuri kabisa, hazina kipara, lakini mpira umeshakuwa mgumu kama ndoo, ukiuminya kwa ukucha hauachi alama. Ninavyohisi hiyo kuelea nusu yake iko hapo na nusu nyingine iko kwenye bushi (mipira ya viungo vya chini), mpira wa zaidi ya miaka 30 haubaki mpira. Na rimu za 17 usijisumbue, gari yenyewe haifiki tani moja, ilitoka na 14 na tairi 185/60, ukiibebesha rimu nzito unaua kile kitu kilichokufanya uipende.

Pili mafuta ya breki. Yale yananyonya unyevu hata gari ikiwa imesimama. DOT 4 (daraja la mafuta ya breki) mpya inachemka kuanzia digrii 230 kwenda juu, ikishakunywa maji ya kutosha kiwango kinaweza kushuka mpaka 155, sasa wewe shuka mlima na breki za namna hiyo na turbo yako uone. Toa yote, weka mapya, na ya klachi usiyasahau, silinda ya chini ya klachi kwenye hizi gari huvuja kimyakimya, pedali inashuka siku moja ukiwa kwenye foleni.

Hiyo tik tik ni tapeti za haidroliki (zile zinazosukuma valvu kwa presha ya oili), zimekaa muda mrefu bila oili kuzunguka vizuri. Badilisha oili na filta, tembea nayo, badilisha tena mapema, mara nyingi inanyamaza au inapungua mpaka unaisahau. Usikubali mtu akufungulie injini kwa sababu ya hiyo sauti.

La mwisho na hili usilipuuze, kwa kuwa ni ya 1990. Injini za 1.6 za mwanzo mpaka sehemu ya 1991 zina krenki yenye pua fupi, yaani ncha yake ya mbele inayobeba pulei. Ile bolti ya pulei ya mbele ikilegea au ikifungwa vibaya wakati wa kubadilisha mkanda wa taimingi (ule unaoendesha valvu), kile kifunguo kidogo kinachoishikilia pulei kinakula njia yake kwenye krenki, pulei inaanza kuyumba, taimingi inahama, gari inakosa nguvu na mwisho krenki ndio imekwenda. Tazama pulei kwa mbele uhesabu nafasi zilizokatwa karibu na katikati. Zikiwa nne ni pua fupi, nane ni ndefu. Halafu washa injini, mikono mbali na mikanda, tazama ile bolti ya katikati kama inazunguka imetulia au inacheza.

taa_za_chura

Nimekaa siti ya mbele. Kila anayenunua hizi gari swali lake la kwanza ni turbo, la pili ni maji yanatoka wapi.

boost_mchana

Mimi napingana kidogo na spana_kumi, turbo kwenye 1.6 si dhambi, yangu inayo mwaka wa sita huu. Ila nikwambie ukweli ile seti ya turbo ya jamaa ni mwanzo wa manunuzi tu. Hiyo injini inapima hewa kwa kile kijimlango cha zamani na kompyuta yake haijui kabisa kwamba kuna turbo, kwa hiyo lazima kompyuta nyingine na mtu anayejua kuipanga. Difu (gia za kugawa nguvu kwa tairi za nyuma) ya 1.6 ni ndogo, ukianza kukanyaga kwa fujo inasaga meno, watu wanahamishia ile kubwa ya kuanzia 1994. Klachi nayo. Halafu rejeta, tazama tangi lake la plastiki la juu, kama limetoka kwenye weusi limekuwa rangi ya kahawia, ujue linakaribia kupasuka.

Na kuna jambo wengi hawalifikirii, hii injini ina asili ya gari zinazovuta mbele ambako inakaa upande, Mazda wakaigeuza ikakaa kwa urefu. Thamostati ikawekwa mbele ambako maji pia ndio yanaingilia, kwa hiyo silinda ya nne kule nyuma haipati mzunguko kama wenzake. Gari ya kawaida haisumbuki, ukishaweka turbo unaanza kutafuta namna ya kuhamishia njia ya maji nyuma ya hedi (sehemu ya juu ya injini). Pima kompresheni (mgandamizo) silinda zote nne kwanza. Kama moja imeanguka mbali na zingine basi mazungumzo ya turbo yameisha yenyewe.

bi_gereji

Mdogo wangu kifaru, gia boksi isishushwe! Naandika kwa herufi za kawaida lakini ningekuwa hapo ningepiga kelele.

Yangu mimi walishusha. Sili ya nyuma ya krenki ikabadilishwa, na klachi ikabadilishwa "kwa kuwa tumeshafika", wiki moja baadaye tone liko palepale sakafuni, dogo, jeusi, linanitazama. Nikachukua tochi na kioo cha kujipodolea nikakiingiza nyuma ya silinda hedi, pale kwenye sensa ya kamshafti (shafti inayofungua valvu) inayobanwa na bolti moja. Chini ya ile sensa palikuwa pamelowa. Oili inatoka pale inateremka nyuma ya injini inakuja kudondokea kwenye gia boksi, kila anayetazama kwa chini anasema sili ya krenki. Kilichokuwa kimekufa ni oringi moja, pete ya mpira, imekauka mpaka niliichomoa kwa bisibisi ikakatika vipande kama kibiriti. Kuingiza mkono pale nyuma ni mateso, nilitoka na mikwaruzo mpaka kwenye kiwiko, lakini ni kazi ya mchana mmoja.

Angalizo: kabla hujailegeza weka alama ya rangi kwenye sensa na kwenye hedi, kwa sababu ukiizungusha ndio umezungusha taimingi, yaani muda wa plagi kuwaka. Hata ukirudisha kwenye alama ipime tena kwa taa ya taimingi, unaunganisha TEN na GND kwenye kile kiboksi cha kupimia chini ya boneti, iwe digrii 10.

Maji ya kwenye zulia yanatokana na turubai la paa. Maji ya mvua yanateremka nyuma ya turubai yanaingia kwenye matundu mawili kule pembeni nyuma ya mikanda ya viti, yanapita ndani yanatokea chini mbele ya tairi la nyuma. Majani yakiziba yanaingia ndani ya gari na kwenye vizingiti (bodi iliyo chini ya milango), na hizi gari zinaoza vizingiti kutokea ndani, nje unaona rangi inang'aa. Zibua kwa ule uzi wa plastiki wa mashine ya kukatia nyasi. Waya mgumu usitumie, utang'oa kile kivalvu cha mwisho.

kifaru_mdogo

Nimerudi wakuu, nimeshinda chini ya gari jana na leo.

Tairi zinasoma 3409, yaani wiki ya 34 mwaka 2009. Zote nne. Nimekuwa nikipita nazo kona nikilaumu springi.

Tundu la upande wa abiria nilichokoa ikatoka tope nyeusi na majani na kitu kama kiota, nikamimina kikombe cha maji, kimya, nikamimina cha pili, mara ikakohoa chini mbele ya tairi yakatoka maji ya rangi ya chai. Nimeng'oa zulia liko juani. Kizingiti nimekigonga na mpini wa bisibisi, sehemu kubwa inalia chuma, ila pale nyuma karibu na tairi kama kiganja hivi inalia kama karatasi.

Sensa nimepapasa nyuma, vidole vimetoka na oili. Bi gereji nakuombea maisha marefu.

Pulei ina nafasi nne. Bolti ya katikati inazunguka imetulia, nimeitazama kama dakika tano mke wangu akaniuliza kama naongea nayo. Mkanda wa taimingi sijui ulibadilishwa lini, hakuna karatasi yoyote.

spana_kumi

Historia haijulikani basi hesabu mkanda haujawahi kubadilishwa. Kwenye 1.6 ukikatika pistoni na valvu havigongani, utakwama njiani tu, kwa hiyo usikose usingizi, ila ukifanya kazi hiyo weka bolti mpya na kifunguo kipya, na ufunge kwa toki renchi kwa kipimo cha krenki ya pua fupi, si cha ile ndefu. Aliyekufanyia akisema "nimekaza kwa mkono nimezoea" mwambie ashuke.

Bushi ukibadilisha usikaze bolti gari ikiwa hewani. Ishushe ikae kwa uzito wake ndio ukaze, la sivyo mpira unabaki umejikunja siku zote unachanika mapema. Na jeki usiweke kwenye zile reli mbili za chini, zinakunjika kama bati. Mbele weka kwenye krosi memba (boriti ya chuma inayokatiza chini mbele), nyuma chini ya difu.

Kile kiganja cha kizingiti kikate kichomelewe mapema, kesho kitakuwa viganja viwili.

kifaru_mdogo

Sawa kaka. Tairi nimeshaagiza, 185/60 kama ilivyotoka. Jamaa wa turbo kapiga leo asubuhi, nimemwambia auze tu. Akasema ananishikia mwezi mmoja nifikirie.

boost_mchana

Mwezi mmoja unatosha kupima kompresheni.