Tarehe tuziandikeje: siku, mwezi au mwaka kwanza? Tupeane uzoefu

Wakuu, habari za jioni. Nauza duka la vyakula Kariakoo. Nimepokea katoni ya maziwa ya unga ya watoto, chini ya kopo imegongwa mwisho wa matumizi: 08 09 26. Kwetu hiyo ni tarehe 8 mwezi wa tisa. Kwa Wamarekani ni tarehe 9 mwezi wa nane. Tofauti ni karibu mwezi mzima, tena chakula cha mtoto! Ninyi mnafanyaje?

Mhasibu, Ilala: Pole mkuu. Sisi linatusumbua kwenye Excel, maana kompyuta nyingi zinakuja na mpangilio wa Marekani. Ukiandika 25/3/2025 inabaki maandishi tu, inakaa kushoto mwa kisanduku, kwa kuwa hakuna mwezi wa 25. Hiyo utaiona. Ila 5/3/2025 inapokelewa vizuri kabisa kama tarehe 3 mwezi wa tano, na haikushtui. Badilisha nchi kwenye mipangilio ya kompyuta kabla hujaingiza ankara hata moja.

Wakala wa forodha, Kurasini: Mwaka kwanza, sina mjadala. Mizigo ya China inakuja na 2025-04-06 na sijaona mtu akibishana. Ndicho kiwango cha kimataifa, ISO 8601, tangu 1988. Faili ukizipa majina hivyo zinajipanga zenyewe.

Mwalimu, Temeke: Kwa faili sawa, ila mtoto wa darasa la pili anasema "tarehe sita mwezi wa nne", basi aandike anavyosema. Saba Saba na Nane Nane hazina shida, zinasomeka vilevile popote. Lakini Uhuru wetu, 9/12/1961, Mmarekani atausoma Septemba 12. Mimi nawaandikisha mwezi kwa herufi: 9 Desemba 1961. Hapo hakuna wa kukosea.

Wa famasi, Mbagala: Dawa nyingi zina mwezi na mwaka tu, tunahesabu hadi siku ya mwisho ya mwezi huo. Mleta mada, geuza hilo kopo utafute tarehe ya kutengenezwa. Kati ya namba mbili za mwanzo, ikiwepo inayozidi 12, hiyo ndiyo siku, na ya mwisho wa matumizi kwa kawaida inafuata mpangilio huohuo. Zote zikiwa chini ya 12, muulize aliyekuuzia kabla hujaipanga rafuni.