Mada: Mama anakuja mara ya tatu, bado tunaomba viza ya safari moja

Habari zenu wana kundi,

Mama yangu amekwisha kuja huku mara mbili kwa viza ya matembezi ya Schengen (viza moja ya kuingia nchi nyingi za Ulaya), na mara zote mbili alirudi nyumbani kabla siku zake hazijaisha. Sasa tunaandaa ya tatu. Kila safari ni kuanza upya: miadi, bima, taarifa za benki, ada. Je, ipo namna ya kupata viza ya muda mrefu? Halafu kuna mtu kaniambia kwamba ukiomba mara kwa mara wanaanza kukushuku. Ni kweli?

---

Dada, pole na makaratasi. Msalimie sana mama.

Kuomba mara nyingi si kosa. Kinachotazamwa ni namna viza iliyotangulia ilivyotumika. Tangu Februari 2020 sheria ya viza ya Schengen ina ngazi zake: aliyepata viza tatu ndani ya miaka miwili iliyopita, akazitumia kihalali, anastahili viza ya mwaka mmoja ya kuingia mara nyingi. Akiitumia hiyo vizuri, inayofuata ni ya miaka miwili, kisha ya mitano. Ofisa akiwa na mashaka anaweza kutoa pungufu, lakini ngazi zipo na ni haki yenu kuziomba. Kwa hiyo mama akishaitumia hii ya tatu, angalia tarehe: zote tatu ziwe ndani ya miaka hiyo miwili.

Na kuomba lazima muombe. Kwenye fomu kuna swali la mara ngapi anataka kuingia: moja, mbili, au nyingi. Watu wengi hutia alama kwenye moja wakidhani ndiyo adabu. Ukifika wakati wake tieni kwenye nyingi, na barua ya maombi iorodheshe safari zilizopita, tarehe ya kuingia na ya kutoka kwa kila moja, pamoja na nakala za stika za viza zilizobandikwa kwenye pasipoti na mihuri. Ofisa asiachiwe kazi ya kutafuta.

Sasa nikueleze kilichotupata sisi, maana sitaki kimpate mzazi mwingine. Mama mkwe wangu, safari yake ya pili, stika ilisomeka kuanzia 3 Juni hadi 17 Julai. Nikamkatia tiketi ya kurudi tarehe 14 Julai, nikaona nimebakiza siku tatu za akiba. Chini kidogo kwenye stika ileile kulikuwa na nafasi ya idadi ya siku za kukaa, imeandikwa 30. Tarehe za stika zilibeba siku 45, na zile 15 zilizozidi ni za kusogeza safari tu, ikiwa ndege itaahirishwa au ukichelewa kuondoka. Hazikuongezei siku za kukaa. Aliingia tarehe 3, siku zake zikaisha tarehe 2 Julai. Uwanjani ofisa alihesabu kwa kalamu, moja moja, mama amesimama kando na mkoba wake kifuani. Siku 12 za ziada.

Maombi yaliyofuata yalikataliwa. Ile karatasi ya kukataa ilikuwa na alama kwenye sababu ya kutilia shaka nia yake ya kuondoka kabla viza haijaisha. Mama wa watu, ana shamba na wajukuu wanaomsubiri, hajawahi hata siku moja kufikiria kuhamia! Kosa lilikuwa langu mimi niliyekata tiketi. Tulipoomba tena hatukuficha. Tukaandika lilivyotokea, tukaambatisha tiketi ile na uthibitisho kwamba aliondoka, akapewa. Rekodi zenyewe hukaa kwenye mfumo wao hadi miaka mitano, kwa hiyo kunyamaza kusingetusaidia.

Jambo jingine: semeni ukweli kuhusu sababu ya safari. Kama mama atalala kwako, andika anamtembelea binti yake na uweke barua ya mwaliko. Usimwekee hoteli ya kutafutiwa viza halafu ukaifuta. Akiulizwa mpakani atalala wapi atajibu kwa mwanangu, na hapo karatasi na maneno vinagongana.

---

Naongezea la pasipoti. Viza ya mwaka mmoja au miwili haiwezi kutolewa ikavuka muda wa pasipoti. Mjomba wangu alikuwa amefikia ngazi ya miaka miwili lakini pasipoti ilibakiza miezi 14, akapewa kulingana na hiyo. Kwa hiyo pasipoti kwanza, miadi baadaye. Alama za vidole zikishachukuliwa hutumika tena kwa miezi 59, lakini chukueni tahadhari, wakati mwingine mwombaji huitwa kuzitoa tena. Ada ni euro 90 tangu Juni 2024, na hairudishwi ukikataliwa. Bima isipungue euro 30,000.

---

Asanteni mno, sikujua habari ya ile idadi ya siku. Nimekwenda kutazama nakala ya stika ya mwisho, kumbe nayo ilikuwa hivyo hivyo, ni bahati tu alirudi mapema. Swali la mwisho: akipewa ya mwaka mmoja, anaweza kukaa mwaka mzima?

---

Hapana dada. Hata viza ya miaka mitano, kukaa ni siku 90 ndani ya kila siku 180, na siku ya kuingia na ya kutoka zote zinahesabiwa. Kila siku anayokuwa huku, rudi nyuma siku 180 na uhesabu alizokaa. Mfano, akiingia 1 Machi akatoka 29 Mei, amemaliza 90. Hawezi kurudi hadi 28 Agosti. Na siku hizi usitegemee mhuri uliofifia: tangu 12 Oktoba 2025 walianza kuingiza mfumo wa kielektroniki unaosajili kuingia na kutoka, mashine inahesabu yenyewe.

Maombi yanapokelewa kuanzia miezi sita kabla ya safari, na yasipungue siku 15. Uamuzi kwa kawaida hutoka ndani ya siku 15 lakini unaweza kufika 45, kwa hiyo usikate tiketi isiyorudishika. Mpigie mama leo akusomee tarehe ya mwisho ya pasipoti yake, kisha utafute miadi.